Kiti cha Mbao Mbili

Mume wangu aliporudi kutoka mashamba ya mkonge kule Tanga, mgongo wake ulikuwa haumshiki tena. Watu aliosafiri nao walimbeba kwa machela kutoka barabarani mpaka nyumbani kwetu, kijiji kilicho kati ya Njombe na Makambako, na walipomshusha uani nilidhani wamemweka vibaya. Nikamwambia akae sawasawa. Alijaribu. Aliinuka kidogo, akatweta, kisha akakunjika taratibu mpaka kidevu kikagusa magoti. Wale watu wakatazama pembeni. Nikajua hapo kwamba mambo yameharibika.

Toroli lililojaa majani ya mkonge lilikuwa limeacha reli na kumlalia. Zaidi ya hayo hakupenda kuhadithia, na mimi nilipomchimba alinikaripia, basi nikaacha. Ajabu ya mgongo ule ni kwamba kusimama ulikubali kwa muda mfupi, akiwa na fimbo, na kulala ulikubali, lakini kukaa ulikataa kabisa. Sikuwahi kufikiri jinsi maisha ya binadamu yalivyo kukaa. Kula ni kukaa. Kupokea mgeni, kushika kazi ya mikono, kumpakata mtoto wako mwenyewe, yote ni kukaa. Mtu asiyeweza kukaa ni mtu wa kulazwa pembeni ya moto kama kuni mbichi, na hivyo ndivyo alivyoishi mume wangu masika mbili nzima, akitazama masizi ya dari.

Tulijaribu kila tulichokijua. Tulimwekea gunia la maganda ya mahindi mgongoni, likabonyea. Tulimwegemeza ukutani, lakini ukuta wa udongo kwetu una baridi ya kuingia kwenye mifupa, na alikuwa akiteleza taratibu upande mmoja huku akijifanya haoni. Nililazimika kumlisha. Mwanamume aliyekuwa akitembea kifua mbele hata nikawa namtania kwamba amemeza mchi, sasa nilimlisha ugali wa ulezi tonge kwa tonge akiwa amelalia ubavu, na chakula kikimpalia alinitukana. Nami nilimjibu. Sikuolewa kwa sababu ya upole, na mama mkwe wangu alikuwa akisema hadharani kwamba mdomo wangu ulizaliwa kabla yangu.

Mama mkwe huyo tulikaa naye nyumba moja, na ni lazima niseme alivyokuwa, maana bila kumjua yeye hamtaelewa yaliyotupata. Alikuwa mwanamke msafi kuliko wote niliowahi kuwaona. Alifagia uwanja kabla jua halijachomoza hata wakati wa baridi ya Juni, umande ukiwa umeganda juu ya majani. Vibuyu vya maji alivisugua kwa mchanga ndani na nje. Alibatizwa akiwa msichana, miongoni mwa watu wa mwanzo upande ule, na kwake uchafu ulikuwa tusi. Mtu mchafu anamtukana Mungu wake, anamtukana mgeni, na mwisho anajitukana mwenyewe. Mwanawe alipokuwa amelala pale kando ya moto hakuacha kunihimiza nimwoshe kila siku, nami nilimwosha, hata siku ambazo maji ya kijito yaliumiza vidole.

Kiti chenyewe kilitufikia kwa njia ya samaki. Kulikuwa na mchuuzi mmoja wa Lupingu, kule ziwani, aliyepanda milima kupitia Ludewa na matenga ya samaki wakavu, akibadilishana kwa maharage na ulezi. Kila akipita alilala kwetu. Alikuwa mtu mzima, magoti mabovu, mcheshi, na popote alipotua mzigo alitoa kwenye furushi lake mbao mbili, moja ndefu na moja fupi. Ile ndefu ilikuwa na tundu chini ya katikati yake. Ile fupi ilikuwa na mkia mwembamba. Aliuchomeka mkia kwenye tundu, akasukuma, na papo hapo pakawa na kiti cha chini, kinachomwegemeza mtu nyuma kidogo, bila msumari wala kamba. Akimaliza kupumzika alikichomoa, akazilaza mbao moja juu ya nyingine, akatia kwapani. Nilimcheka kwamba anatembea na kiti kama mtemi asiye na watu. Alijibu kwamba mtemi ana watu wa kumsimamisha, yeye ana magoti yake tu.

Siku moja aliingia ndani kumsalimia mume wangu, akanikuta nikimlisha. Alitoka nje, akarudi na zile mbao, akazichomeka karibu na moto, na mimi na yeye tukamwinua mume wangu na kumkalisha. Mchuuzi akamsogeza nyonga mpaka ndani kabisa. Akamwambia asijikaze, aachie mgongo wote uende kwenye ubao, ubao utafanya kazi, ndiyo kazi yake. Nami nikakunja kipande cha ngozi ya kondoo nikakitia pale kiunoni palipobaki uwazi. Mume wangu akavuta pumzi. Nilisikia jinsi ilivyoingia, ndefu, mpaka chini, kama mtu aliyetoka kuzama. Kisha akanyoosha mkono akachukua bakuli kutoka mikononi mwangu, akala mwenyewe, na machozi yakimtoka, na sisi wote tukajifanya tunautazama moto.

Mchuuzi aliondoka bila kiti chake. Alisema kwao miti ipo na mafundi wapo, na kushuka hakuchoshi kama kupanda. Tulimjazia matenga yake maharage mpaka akalalamika.

Basi nyumba yetu ikabadilika. Asubuhi nilikichukua kiti nikakiweka uani penye jua, nikamsaidia kukaa, na jua likihama nilihamisha kiti. Saa sita kilikuwa kivulini nyuma ya jiko, jioni kilikuwa karibu na njia ili aone wapitao. Alijifunza kukitumia kama mtu anavyojifunza chombo. Akitaka kuegemea zaidi alitia kijiwe mbele. Akitaka kukaa wima kwa kazi alikitia nyuma. Alijua kwamba akikaa muda mrefu bila kubadilisha, mguu wa kushoto utakufa ganzi, basi aliniita nikamsimamisha kidogo, akazungusha mabega, akarudi. Shingo ikanyooka. Kikohozi kilichomsumbua tangu arudi kikaisha chenyewe. Alianza kusuka vitenga vya mianzi, kazi aliyoiacha tangu ujana, na kwa kuvuta na kukunja mianzi kutwa mikono yake ikarudi kuwa ya mwanamume. Nilipenda kuitazama. Nasema wazi, nilimpenda upya mume wangu katika kiti kile, na tukapata mtoto wa tatu.

Hata kanisani tulikipeleka. Kanisa letu lilikuwa na viti vya matofali mabichi yaliyosilibwa, havina pa kuegemea, na mahubiri yetu hayakuwa mafupi. Nilitangulia na kiti kichwani, vijana wa ukoo wakamleta kwa machela, tukamkalisha kwenye njia ya katikati. Mzee mmoja wa kanisa alinung'unika kwamba haifai mtu kusikiliza neno la Mungu akiwa ameegemea kama yuko kilabuni. Mama mkwe akamwuliza kama Bwana Yesu alipokula na wanafunzi wake alisimama. Manung'uniko yakaisha, na nadhani yule mzee alibaki akikitamani kile kiti.

Wakati huo ilikuwa vita, vita ya pili ya Wazungu. Sisi hatukuiona, ila tuliona inavyokula. Zamani watu wetu walikwenda mkonge kwa kuandikwa, mtu mwenyewe akitaka. Sasa ikaja amri kwamba wanaume watachukuliwa, wapende wasipende, kwa sababu meli za vita zinataka kamba. Kila jumbe, mkuu wa kijiji, aliambiwa atoe watu. Vijana wengi wa kwetu walikuwa wamekwisha kwenda, au wamejificha kwa ndugu zao huko Lupembe na porini Makete, na jumbe wetu akawa mtu wa kuhesabu vichwa visivyokuwepo. Ndipo akamtaja mume wangu.

Alikuja mwenyewe kutueleza, akakaa na kunywa uji. Alisema tusiwe na wasiwasi. Lazima ataje kila mwanamume ili yeye jumbe asije akashtakiwa kuficha, lakini Mzungu wa kuchukua watu anakuja na dresa, yule mhudumu wa hospitali, wa kuwakagua, na wagonjwa wanaachwa. Mleteni tu aonekane, alisema. Wakimwona watajua, na mimi nitasema neno. Tulimshukuru. Mume wangu ndiye aliyemshukuru zaidi, kwa sababu tangu arudi alitaka neno la serikali kwamba yeye ni mgonjwa, si mvivu. Kuna watu kijijini walioanza kusema kwamba mtu aliyepona mikono amepona.

Kuonekana. Ndilo lililokuwa mbele yetu, na kila mmoja alilielewa kwa namna yake. Mimi nilielewa kwamba aende alivyo, kwenye machela, amelala. Nilisema hivyo usiku wa kuamkia siku ile wakati wa kula. Mama mkwe aliniangalia kana kwamba nimetema mate kwenye chungu. Alisema kwamba mwanawe hatapelekwa mbele ya wakubwa kama mzoga. Kwetu mtu akiitwa barazani anaoga, anajipaka mafuta, anavaa nguo aliyonayo iliyo njema, kwa sababu usipofanya hivyo umewadharau waliokuita, na aliyedharauliwa hakusikilizi. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake na hivyo ndivyo misheni ilivyokazia. Nikamgeukia mume wangu. Nilitegemea ataniunga mkono, maana mgongo ulikuwa wake.

Akasema, "Mama watoto, nimelala masika mbili. Nitakaa."

Basi nilimwosha. Watu wamewahi kuniuliza kama najilaumu, na swali hilo hunikasirisha. Nilimwosha mume wangu, nikamnyoa ndevu, nikampaka mafuta mikono na kifua mpaka akang'aa, nikamvika koti alilorudi nalo kutoka Tanga, ambalo mama mkwe alikuwa amelifua na kulikandamiza chini ya mawe usiku kucha. Alipendeza. Nilijisikia fahari na hofu kwa pamoja, na fahari ilikuwa kubwa zaidi, na sitasema vinginevyo.

Tulifika kwa jumbe mapema sana, kabla ya gari la Mzungu, na hilo nalo lilikuwa la heshima. Hakuna aliyetaka wakubwa wamkute mtu bado anabebwabebwa. Vijana wakaiweka machela nyuma ya ua. Nikachomeka mbao, nikaweka ngozi ya kondoo, tukamkalisha mstari wa mbele. Nyonga ndani, mgongo wote ubaoni, mikono juu ya mapaja. Wanaume wengine walichuchumaa au walikaa chini wamejikunyata kwa baridi, wamevaa magunia na mablanketi yaliyochakaa. Yeye peke yake alikaa wima.

Mzungu alipofika alianza na yeye. Nani asingeanza na yeye? Alisimama mbele ya kiti akakitazama, akamwagiza karani akizunguke, akacheka kidogo kwa kukipenda. Akauliza mambo, karani akawa anageuza kwa Kiswahili. Kazi yako nini? Nasuka vitenga, bwana. Afya yako je? Na mume wangu, mbele ya watu wote, akajibu kama tunavyojibu watu tuliolelewa vizuri, kwamba anamshukuru Mungu, siku hizi anaendelea vizuri. Ilikuwa kweli. Ukilinganisha na pembeni ya moto, alikuwa akiendelea vizuri sana. Baada ya hapo alikuwa na maneno yake juu ya toroli na mgongo, aliyapanga usiku mzima, maana kwetu huanzi na shida, unaanza na shukrani. Lakini dresa alikuwa amekwisha kumshika mkono. Aliuminya juu, akauminya chini, akautikisa, akamwambia Mzungu neno moja.

Karani akasema, "Bwana anasema mtu anayekaa hivi ana mgongo mzuri kuliko wa kwake. Anasema kwako umezoea kukaa kitini na wenzako wanafanya kazi."

Nilimtafuta jumbe kwa macho. Alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Watu wake hawakutimia, na mtu mmoja aliyekaa wima alikuwa mtu mmoja. Nikasukuma watu mbele yangu mpaka mstarini. Wanawake hatukuwa na sauti katika baraza lile, askari akanishika bega, lakini nilikuwa nimekwisha kusema.

"Mtoeni kwenye kiti," nilisema. "Mtoeni muone."

Karani hakuligeuza neno langu. Ila Mzungu alifahamu kwamba kuna jambo juu ya kiti, akaonyesha kwa mkono kwamba mtu huyu asimame. Na kusimama ndicho kitu kimoja alichokiweza. Laiti wangemwambia akae chini, kwenye vumbi, kama wenzake! Mume wangu alinitazama, na katika macho yake niliona aibu, siyo ya mgongo, ya mimi kupiga kelele mbele ya watu. Akaomba fimbo. Akasimama, kifua mbele, jasho likimtoka kwenye paji la uso uliopakwa mafuta, ambapo jasho na mafuta havitofautiani. Wakampeleka upande wa wanaokwenda. Jambo lote lilichukua muda wa kumenya kiazi.

Jioni ile walipakiwa kwenye lori kwenda Makambako, ambako walikuwa wakikusanywa kabla ya safari ndefu ya kuelekea kwenye reli. Kiti kilibaki pale kwa jumbe. Nilikichukua. Kesho yake, kabla hakujapambazuka vizuri, nilikifunga kichwani pamoja na viazi vya kuchoma na chupa ya maziwa, nikamwachia mama mkwe watoto, nikashika barabara. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni na uwanja haujafagiwa.

Makambako ya siku zile ilikuwa njia panda, maduka machache ya Wahindi na upepo. Upepo wa pale hauna adabu, unapita ndani ya nguo na kutokea upande wa pili. Kambi ilikuwa banda la mabati na uwanja uliozungushiwa miiba. Nilimkuta upande wa nyuma ya banda, amelala chini kwa ubavu, lile koti limejaa vumbi na matapishi. Lori lilikuwa limemvunja. Alisema miguu haisikii vizuri. Nilichomeka mbao bila kumwuliza, mwenzake mmoja, mtu wa kilima cha jirani, akanisaidia kumwinua, na alipoegemea rangi ilirudi usoni. Nikampa maziwa. Alianza kunywa mwenyewe.

Nyapara akatokea. Alikuwa mtu mweusi kama sisi, Mbena kwa matamshi yake, na nilimsalimia "Kamwene" kwa Kibena chetu, nikidhani tumepata ndugu. Hakuitikia. Alimwonyesha mume wangu kwa fimbo. Alisema tangu jana mtu huyu anajilaza na kulia kwamba hawezi kukaa, na sasa mkewe kaja, anakaa na kunywa maziwa kama bwana harusi. Nilimweleza. Nilieleza vizuri, kwa Kibena na kwa Kiswahili, tundu la ubao, toroli, masika mbili, kila kitu. Nikaona anasikiliza, basi nikafanya nilichotaka kifanyike barazani: nikamshika mume wangu makwapani, nikamtoa kwenye kiti nikamweka chini. Akakunjika. Kidevu kikaenda magotini kama siku ile ya kwanza uani, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

Nyapara alicheka. Alisema ameona waigizaji wengi tangu vita ianze, lakini wa kuleta na kiti chake, huyu ni wa kwanza. Akaenda zake.

Nilitaka kumfuata. Nilitaka kumrarua uso, na mpaka leo, mimi mzee wa kwenda kanisani, bado nataka. Mume wangu akanishika upindo wa nguo. Alisema kwa utulivu, uso ukiwa karibu na ardhi, nirudi nyumbani na kiti. Nilimwambia sirudi nacho, ni chake, kitamsaidia huko aendako. Akatikisa kichwa.

"Nikikikalia nitaonekana mzima," alisema. "Nikilala naonekana mwongo. Afadhali nilale, labda mmoja atakuja kuamini."

Niliwaomba wanilaze pale kambini, wakakataa, nikalala kibarazani kwa Mhindi mmoja. Asubuhi niliona lori likitoka. Walimrusha juu, si kwa ubaya, walikuwa na haraka tu. Nilidhani sitamwona tena, maana aliyelala sakafuni mwa lori haonekani kutoka barabarani. Kisha mikono miwili ikashika ubao wa ubavuni, ile mikono ya kusuka vitenga, nikaona misuli ikikaza, na kichwa chake kikapanda, na kifua. Alijivuta akawa wima. Alinitazama, hakupunga mkono kwa kuwa angeanguka. Alijishikilia hivyo mpaka lori likapinda kufuata barabara ya Iringa.

Habari zake zililetwa na yule mtu wa kilima cha jirani, muda mrefu baadaye, muda wake wa kazi ulipokwisha. Alikuja kwetu kwanza kabla ya kwenda kwake, na kwa hilo tu tukajua. Alisema baada ya Iringa barabara ilikuwa mbaya, na mume wangu hakuweza tena kujishika, basi yeye alikaa nyuma yake, akampakata katikati ya magoti, akamwegemeza kifuani. Walizungumza kidogo. Alizungumza juu ya mianzi, kwamba ile ya kando ya kijito ikatwe kabla haijakomaa sana. Halafu akawa mzito. Mwenzake alidhani amelala, akafurahi kwamba amepata usingizi. Walipofika mahali pa kutia maji kwenye gari ndipo alipotambua. Walimzika hapo hapo, kando ya barabara, kwa majembe waliyokuwa wakipelekwa nayo kazini, na wakaimba ubeti mmoja kwa sababu dereva alikuwa akipiga honi.

Mama mkwe alisikiliza yote. Hakulia mbele ya mgeni. Aliuliza kitu kimoja, kama walimwosha. Yule mtu akainamisha kichwa, akasema maji yalikuwa ya gari.

Vita haikuwa imekwisha. Mwaka uliofuata waliitisha tena watu, na safari hii jumbe alimtaja mume wa jirani yetu. Alikuwa na donda kubwa kwenye muundi, la miaka, ambalo zahanati ya misheni ilikuwa ikilisafisha na kulifunga vizuri. Mguu ule haukumpeleka hata shambani. Asubuhi ya baraza niliona moshi jikoni kwao, nikajua mke wake anachemsha maji, na nikajua kwa nini. Nikainuka niende. Mama mkwe alikuwa amekwisha kunipita.

Alipofika alilimwaga lile sufuria la maji uani. Mke wa jirani alidhani bibi amerukwa na akili. Mama mkwe akapiga magoti mbele ya yule mwanamume, akafungua kitambaa cheupe cha zahanati, akakivuta mpaka kikatoka na gamba, mwenye mguu akiguna kwa maumivu. Akachota jivu jikoni, akachukua na kinyesi cha ng'ombe zizini, akampaka mguu kuanzia goti, akampaka mpaka kwenye nywele. Yeye, ambaye hakuweza kuvumilia uzi wa utando wa buibui darini. Aliyafanya hayo kwa mikono yake mwenyewe, kwa utaratibu, kama alivyosugua vibuyu. Akaagiza abebwe kwenye gunia, alazwe kwenye vumbi, na asimsalimie mtu.

Nzi walifika kabla ya Mzungu. Dresa alimwona kwa mbali, akaziba pua, akapunga mkono kwamba aondolewe. Karani alitangaza kwamba bwana amechukizwa, watu wa upande huu hawajui maji. Jirani akarudishwa kwake, mkewe akiwa nyuma ya machela analia na kucheka, na walipofika mama mkwe akawaambia wachemshe maji sasa, wamsafishe vizuri, wamfunge donda kabla halijaoza.

Tulirudi nyumbani mimi na yeye. Alitembea mbele, mikono ameiweka mbali na nguo zake, jivu na kinyesi bado vimemkaukia mpaka viwiko. Alisema bila kugeuka, "Wangu nilimpeleka safi."

Nilikuwa nyuma yake, karibu kabisa, na tulipofika nilimtekea maji, nikamnawisha mikono.